Sheria kali za bunduki zinapunguza nini hasa?

Kila zinapofika habari za watu kupigwa risasi shuleni au kanisani huko Marekani, kundi la WhatsApp la ukoo wetu huwaka moto. Binamu anayeishi Ohio ndiye huanza: kwa nini hawakazi sheria? Kabla hajamaliza kuandika, mwingine wa Nairobi amemjibu kwamba Chicago ina sheria kali na bado watu wanauawa. Wa Dar es Salaam anauliza, kama sheria zinasaidia, mbona majambazi wetu wanakamatwa na bunduki za kivita za SMG? Shemeji naye anatoa Uswisi, nchi iliyojaa bunduki na mitaa yake imetulia. Usiku wa manane kila mtu analala na jibu lile lile aliloamka nalo.

Hakuna kati yao anayesema uongo. Kila mmoja ameshika kipande chake, na vipande havishikani kwa sababu swali lenyewe ni pana mno. Ukiuliza "sheria kali za bunduki zinapunguza uhalifu?", umebeba maneno mawili ambayo hakuna aliyekubaliana na mwenzake maana yake: "sheria kali" na "uhalifu". Tuyafungue kwanza.

Kusema sheria kali za bunduki ni kama kusema sheria kali za barabarani. Zipi? Tuta mbele ya shule ya msingi huokoa watoto. Mstari wa rangi ubavuni mwa daladala humsaidia abiria kujua njia, lakini hauzuii ajali. Zote ni sheria, zote zinaweza kuwa kali, na mtu akichanganya matokeo yake kwenye kapu moja atatoka akisema sheria za barabarani hazina maana. Kwenye bunduki nako zipo za namna nyingi: nani aruhusiwe kununua, bunduki ya aina gani, atembee nayo wapi, akiwa nyumbani aifungie vipi, muuzaji aandike nini daftarini. Baadhi zimeonekana kuokoa watu. Nyingine, ukizipima, huoni tofauti.

Neno la pili lina mtego mkubwa zaidi. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu 48,830 kwa risasi. Wengi wetu tukisikia hesabu hiyo tunaona majambazi na wauaji wa shuleni. Lakini 26,328 kati yao, zaidi ya nusu, walijiua wenyewe. Waliouawa na wenzao walikuwa 20,958. Kwa hiyo mtu anayejadili bunduki kwa kutazama uhalifu peke yake ameacha nje ya mlango zaidi ya nusu ya misiba. Nitarudi kwao.

Watu wengi hudhani Marekani ina vifo vingi kwa sababu ina wezi wengi au watu wake ni wakali kuliko wengine. Maprofesa wawili wa California, Franklin Zimring na Gordon Hawkins, walilipima hilo kwa kulinganisha New York na London, miji miwili mikubwa ambayo wakati huo ilikuwa na wizi wa kuvunja na kupora, ukijumlishwa, wa viwango vinavyokaribiana. Mwaka 1992, waliokufa London katika matukio ya namna hiyo walikuwa 7. New York walikuwa 378. Mwizi wa London alivunja dirisha kama mwenzake wa New York, akakutana na mwenye nyumba gizani vile vile, wakashikana vile vile. Ila mmoja alikuwa na bisibisi mkononi na mwingine bastola.

Hapo ndipo jambo hili linapoanza kueleweka. Bunduki mara nyingi haileti ugomvi, bali inaamua ugomvi utaishia wapi. Walevi wawili wakigombana kilabuni kwa ngumi, kesho mmoja ana jicho limevimba na balozi wa nyumba kumi anawapatanisha. Uhalifu umehesabiwa mmoja, shambulio. Waweke bastola kati yao, uhalifu bado ni mmoja, lakini kuna kaburi. Kwa hiyo usishangae ukikuta nchi imekaza sheria na idadi ya wizi haikutikisika. Cha kuhesabu ni waliokufa.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni Australia, na ni vizuri kuusimulia wote, hata pale unapokwaruza.

Tarehe 28 Aprili 1996, mtu mmoja aliwaua watu 35 huko Port Arthur, kisiwani Tasmania. John Howard alikuwa na wiki chache tu kwenye kiti cha uwaziri mkuu, tena wa chama cha kihafidhina ambacho wakulima wenye bunduki walikiona chao. Ndani ya wiki mbili serikali ya shirikisho na majimbo yote walikuwa wamekubaliana. Bunduki ndefu zinazojipakia zenyewe zikapigwa marufuku kwa raia wa kawaida. Kila bunduki iandikishwe. Kila anayeomba leseni atoe sababu ya kweli, na "nataka kujilinda" haikukubaliwa kuwa sababu. Asubiri siku 28. Aifungie kwenye kabati salama. Howard alipokwenda Sale, mji mdogo wa Victoria, kuwaeleza wenye bunduki, alivaa fulana ya kuzuia risasi chini ya koti, na ilionekana wazi kwamba kuna kitu kimetuna. Serikali ikanunua kwa wananchi bunduki zipatazo 650,000, kwa fedha za nyongeza ya kodi ya mwaka mmoja, ikaziponda.

Katika miaka 18 kabla ya hapo, Australia ilikuwa imepata matukio 13 ya watu watano au zaidi kuuawa kwa risasi mara moja. Katika miaka 20 iliyofuata, hadi 2016, halikutokea hata moja. Vifo vyote vya risasi, vya kuuana na kujiua, vilishuka kutoka karibu 3 kwa kila watu 100,000 hadi chini kidogo ya 1.

Sasa penye mkwaruzo. Vifo hivyo vilikuwa vimeshaanza kushuka kabla ya 1996, kwa hiyo wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha mshuko huo ni cha sheria na kiasi gani kingekuja chenyewe. Pili, mauaji makubwa hayakukoma milele: 2018 watu sita wa familia moja waliuawa kijijini Osmington na ndugu yao, ambaye kisha alijiua, na Desemba 2025 watu 15 wakauawa ufukweni Bondi, Sydney. Na tatu, jambo ambalo hata wanaoisifu Australia hulisahau, idadi ya bunduki nchini humo leo imezidi ile ya 1996. Nchi haikuwa tupu. Kilichobadilika ni aina ya bunduki zilizoko na jinsi ilivyo kazi kuzipata.

Aina ya bunduki si jambo dogo, na kwetu tunalielewa haraka. Mjomba wangu, mkulima wa kusini mwa Tanzania, alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe. Nilipokuwa mdogo alinionyesha linavyofanya kazi: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu kutoka kwenye pembe, unashindilia kwa fimbo, unaweka gololi, unashindilia tena, unaweka fataki, ndipo unalenga. Nguruwe akikoswa, ameshafika kijiji cha pili kabla hujamaliza kumimina mara ya pili. Mwenye gobore aliyechanganyikiwa kwa hasira atafyatua mara moja, kisha watu watamrukia. Mwenye bunduki ya kisasa yenye risasi 30 tumboni, inayojipakia kila ukivuta kidole, hana nafasi hiyo ya kurukiwa. Australia iliziondoa hizo za pili na kuacha nyingi za kuwindia, ambazo lazima uzipakie kwa mkono kila baada ya mlio.

Tuje Marekani, ambako mjadala umekwama kuliko kwingine kote. Ina takriban bunduki 393,000,000 mikononi mwa raia, nyingi kuliko idadi ya watu wake. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanalinda haki ya kuwa na silaha, na Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2008 kwamba hiyo ni haki ya mtu mmoja mmoja, kisha 2022 ikaipanua hadi kutembea nayo hadharani. Kupiga marufuku moja kwa moja si njia iliyo wazi kwao. Wanachobishania ni masharti.

Sheria ya shirikisho inamtaka muuza bunduki mwenye leseni kuangalia rekodi ya mnunuzi kabla ya kumuuzia. Lakini raia anayemuuzia raia mwenzake bunduki yake hatakiwi na sheria hiyo kuangalia chochote, isipokuwa jimbo lake liwe limeweka sharti lake. Mimi kupata laini ya simu Dar es Salaam nimetoa kitambulisho na alama za vidole. Kuna majimbo Marekani ambako mtu atanunua bastola kwa jirani bila hata kuonyesha kitambulisho.

Ndiyo maana kisa cha Missouri kina uzito. Tangu 1921 jimbo hilo lilimtaka kila anayetaka bastola aende mwenyewe ofisini kwa sherifu, mkuu wa polisi wa eneo lake, apate kibali kwanza, hata kama anainunua kwa rafiki. Mwaka 2007 wabunge wakaifuta sheria hiyo. Ilikuwa bahati kwa watafiti, na msiba kwa wengine: sheria moja imeondoka siku moja, majimbo jirani yamebaki vile vile, unaweza kulinganisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakakuta mauaji ya risasi Missouri yamepanda kwa takriban robo. Mauaji ya visu na njia nyingine hayakupanda. Na bastola zilizokamatwa kwenye uhalifu muda mfupi tu baada ya kuuzwa dukani ziliongezeka zaidi ya maradufu, maana yake kuna watu walikuwa wananunua leo ili wamkabidhi mhalifu kesho. Connecticut ilikwenda upande wa pili, ikaweka kibali cha namna hiyo mwaka 1995, na huko mauaji ya risasi yalishuka.

Nimekaa na mfano huu kwa sababu unajibu hoja ninayoisikia kuliko zote: mhalifu hafuati sheria, kwa hiyo sheria inambana mwema tu. Ni kweli kabisa kwamba jambazi hatakwenda kwa sherifu kuomba kibali. Lakini bunduki haioti shambani. Ukiacha magobore ya wahunzi na vitu kama ile bunduki ya kujitengenezea iliyomuua Shinzo Abe huko Nara mwaka 2022, karibu kila bunduki iliyoko mkononi mwa jambazi ilitoka kiwandani na kuuzwa kihalali kwa mtu wa kwanza. Ikaibwa, au ikakodishwa, au ikauzwa kimya kimya, au ikatoka kwenye ghala la serikali. Sheria nzuri haimngoji jambazi awe mtii. Inamshika yule wa katikati, mnunuzi mwenye rekodi safi anayenunua bastola kumi kwa mwezi na kuulizwa hajui ziko wapi.

Na Chicago? Ndoo inayovuja huizibi kwa kukaza kifuniko. Taarifa ya jiji hilo ya 2017 ilionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya bunduki za uhalifu zilizofuatiliwa zilinunuliwa nje ya jimbo lao, na zaidi ya moja katika kila tano zilitoka jimbo jirani la Indiana, ambako mpaka wake unaufikia kwa gari chini ya saa moja. Mexico ni hadithi hiyo hiyo kwa ukubwa wa taifa. Kununua bunduki kihalali huko ni shughuli pevu, duka lenyewe ni la jeshi, lakini sehemu kubwa ya bunduki zinazokamatwa kwa magenge na kufuatiliwa asili yake zimevuka mpaka kutoka Marekani. Sheria yako ina nguvu mpaka pale inapoanza sheria ya jirani.

Shemeji na Uswisi yake naye apewe haki yake. Ni kweli bunduki ni nyingi na mauaji ni machache. Lakini Uswisi si nchi isiyo na sheria. Mnunuzi wa bastola anahitaji kibali, na tangu 2007 askari wa akiba, ambao ndio wengi wenye bunduki za jeshi majumbani, hawapewi tena risasi za kuweka nyumbani. Bunduki kabatini bila risasi ni chuma. Upo pia mtazamo uliovuma Marekani tangu miaka ya 1990, wa mchumi John Lott, kwamba raia wengi wakitembea na bastola wahalifu wataogopa. Kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ilipitia takwimu hizo mwaka 2004, ikasema hazitoshi kuthibitisha dai hilo. Tangu hapo, tathmini za taasisi ya RAND, ambayo hukusanya tafiti za pande zote na kuzichuja, zimeelekea kinyume: kulegeza masharti ya kutembea na bastola kumeambatana na mauaji zaidi. Taasisi hiyo hiyo inakiri kwamba kwa sheria nyingi ushahidi bado ni mwembamba. Naiamini zaidi kwa kukiri huko.

Sisi wa Afrika Mashariki tusijione tuko nje. Sheria zetu ziko kali kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na Kenya ina bodi ya leseni inayomchuja mwombaji mmoja mmoja. Lakini makadirio ya mwaka 2017 ya Small Arms Survey, taasisi ya utafiti wa silaha, yaliiwekea Kenya bunduki takriban 750,000 mikononi mwa raia, na zilizoandikishwa zilikuwa elfu chache. Hapa ugumu wa kupata leseni si tatizo tena. Nyingi kati ya bunduki hizo hazijawahi kuiona ofisi yoyote.

Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ndiko tulikojifunza kwa gharama. Amin alipoanguka mwaka 1979, askari wa kambi ya Moroto walikimbia, na Wamatheniko, moja ya jamii za wafugaji wa huko, wakalibeba ghala la silaha. Wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki ukawa wa bunduki. Serikali ilianza kukusanya silaha mwishoni mwa 2001, ikapata kama 10,000. Waliotii mapema, hasa majirani zao Wabokora, walisalimisha. Muda si mrefu jeshi lililoahidi kuwalinda likahamishiwa vita dhidi ya waasi wa LRA, na majirani ambao hawakusalimisha wakaja kuchukua ng'ombe. Mchungaji aliyekuwa ametoa bunduki yake kwa hiari alisimama mbele ya zizi tupu. Ungekuwa wewe, kampeni ya pili ungetoa?

Kwa hiyo kila inapofika Septemba, mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga hadi 2030 kwa watu kusalimisha silaha bila kushtakiwa, nafurahi, lakini naangalia jambo la pili: nani atabaki kuwalinda waliosalimisha, na kwa muda gani. Mtu hushika bunduki kwa sababu polisi wako kilomita 80, na karatasi ya sheria haiifupishi barabara hiyo.

Nimebakiza wale 26,000, wasioingia kwenye mjadala wa uhalifu. Ni hapa ambapo ushahidi uko imara kuliko kwingine, na ni hapa watu hawataki kuangalia, kwa sababu tunaamini mwenye nia ya kufa atapata njia tu. Si hivyo. Wimbi la kukata tamaa mara nyingi hupanda na kushuka, wakati mwingine ndani ya saa chache. Wengi wa walionusurika, takriban tisa kati ya kumi, hawafi kwa kujiua baadaye. Ila bunduki haiachi nafasi ya kunusurika. Wanaojaribu kwayo, takriban tisa kati ya kumi hufa. Jeshi la Israel lilibadili jambo moja tu mwaka 2006: askari wanaokwenda nyumbani mwisho wa wiki waache bunduki kambini. Vijana waliojiua walipungua kwa asilimia 40, na upungufu ulikuwa kwenye siku hizo za mwisho wa wiki. Hakuna aliyenyang'anywa chochote. RAND nayo, inayosita kwa mengi, haisiti kusema kwamba sheria za kuwataka wazazi wafungie bunduki mbali na watoto zinaokoa watoto.

Shangazi alipofariki, mjomba alinyamaza. Alikaa kwenye kigoda barazani tangu alfajiri, chakula kikiletwa na kuondolewa. Siku ya nne baada ya arobaini, mwanawe mkubwa alipanda darini bila kusema neno, akateremsha gobore na ile pembe ya baruti, akaenda navyo kwa ndugu yao wa kijiji cha pili. Mjomba alimwona akipita nayo uani. Hakumzuia, hakumuuliza. Msimu ule nguruwe waliimaliza mihogo yote ya bondeni, na mwaka uliofuata mjomba alikwenda mwenyewe kulichukua, akalirudisha kwa miguu huku akiwasalimu watu njia nzima.